Eva Perón na maskini wa Argentina: wanabaraza, mke wa kiongozi tumtake nini?

Cherehani (Langoni, Lamu)

Assalaam aleikum wanabaraza, na wasio Waislamu hamjambo nyote.

Naufungua uzi huu kwa sababu ya maneno yaliyozuka hapa barazani juzi, mtu alipoweka picha ya mke wa mheshimiwa mmoja akigawa leso na pakiti za unga. Kuna waliomsifu mpaka wakamwita mama wa wanyonge, na kuna waliomtukana. Matusi sikuyapenda, na zile sifa nazo niliona zimetangulia kazi. Moyo wa mama yule siujui. Ila yuko mke wa rais mmoja wa zamani ambaye habari zake nazifuatilia kwa miaka mingi, na ningependa tumzungumze huyo kwanza kabla hatujawahukumu wa kwetu. Ni Eva Perón wa Argentina. Watu wake walimwita Evita. Wengi wanamjua kwa nywele za dhahabu na vito. Mimi namtaka kwa yale aliyoyafanya akiwa mezani, mbele ya foleni.

Alizaliwa tarehe 7 Mei 1919, na alilelewa Los Toldos, mji mdogo wa mashambani katika jimbo la Buenos Aires. Mamake, Juana Ibarguren, alizaa watoto watano na Juan Duarte, msimamizi wa mashamba ambaye tayari alikuwa na mke wa ndoa na watoto katika mji wa Chivilcoy. Mwaka 1926 Duarte akafa kwa ajali ya gari. Juana akawavisha wanawe nguo za msiba, akawapeleka kwenye mazishi. Nyumba kubwa haikuwataka. Baada ya mabishano mlangoni ndipo wakaachiwa kumuaga baba yao na kufuata jeneza. Evita alikuwa hajatimiza miaka 7. Mimi naamini kila alichokuja kukifanya baadaye kilianzia pale mlangoni, na sioni namna nyingine ya kuueleza ukali aliokuwa nao kwa matajiri.

Baada ya hapo mamake aliwalea kwa kushona. Mimi ni fundi wa nguo, najua maana ya nyumba ya watoto watano kutegemea sindano moja. Unashona usiku kwa taa, asubuhi mwenye nguo anakuja anakwambia nitakulipa mwisho wa mwezi, na dukani pale chini sukari haiuzwi kwa ahadi.

Mwaka 1935, akiwa na miaka 15, Evita alikwenda mji mkuu kutafuta kazi ya uigizaji. Akapata nafasi ndogo ndogo jukwaani, kisha redioni, na redio ndiyo iliyompa jina. Tarehe 15 Januari 1944 tetemeko liliuangusha mji wa San Juan, maelfu wakafa, na katika harambee ya kuwasaidia waliosalia akakutana na Kanali Juan Perón, mkuu wa idara ya kazi. Walioana Oktoba 1945. Juni 1946 Perón akaapishwa kuwa rais.

Hapo sasa ndipo habari yenyewe inapoanza. Naendelea chini.

Cherehani (Langoni, Lamu)

Kabla yake, msaada wa maskini Argentina ulikuwa mikononi mwa shirika lililoanzishwa 1823 na kuendeshwa na mabibi wa familia kubwa. Walikuwa na hospitali na nyumba za mayatima. Walifanya kazi kweli, tusiwadhulumu. Lakini yatima alikuwa akijulikana kwa mavazi yake, na maskini alipewa kwa namna ya kumkumbusha kwamba ni maskini. Mwaka 1946 serikali ililichukua shirika hilo. Mwezi Julai 1948 Evita akaanzisha mfuko wake, ambao baadaye ulijulikana kwa jina lake, Fundación Eva Perón.

Mnataka kujua alivyokuwa akifanya? Alikuwa na ofisi palepale kwenye idara ya kazi. Watu walipanga foleni: wajane, wazee, akina mama wenye watoto mgongoni, wafanyakazi waliofutwa. Mmoja mmoja aliingia, akakaa, akasema shida yake kwa maneno yake mwenyewe. Evita aliuliza maswali ya nyumbani: una watoto wangapi, wanalala juu ya nini, paa linavuja? Makarani waliandika: vitanda viwili, dawa, kazi ya mume, cherehani. Na mtu alipoinuka alipewa noti ya kumrudisha kwake, kwa sababu maskini aliyetoka mbali ametumia nauli ya mwisho kuja. Jambo la nauli ndilo linaloniambia kwamba huyu mwanamke aliwahi kuwa maskini. Mtu aliyezaliwa na gari hafikirii nauli ya kurudi.

Alifanya hivyo mpaka usiku wa manane, siku baada ya siku. Walioshuhudia wanasema aliwakumbatia watu wenye vidonda waliokuwa wakiogopwa hata na wauguzi. Na barua zilikuja kwa maelfu.

Mfuko ulijenga nyumba za kupokea wanawake wasio na pa kwenda pamoja na watoto wao, bweni la wasichana wanaofanya kazi mjini, nyumba za wazee, mamia ya shule, chuo cha wauguzi, na hospitali kubwa za bure katika vitongoji vya wafanyakazi kama Avellaneda na Lanús. Mwaka 1951 ulitoa treni iliyokuwa hospitali yenyewe, ina chumba cha eksirei na maabara, ikazunguka majimbo ya mbali kupima watu bure. Ukaanzisha na mashindano ya kandanda ya watoto, na kila mtoto kabla hajavaa jezi alipimwa na daktari. Fikirieni akili hiyo! Watoto walikimbilia mpira, wakakuta chanjo na dawa ya kifua njiani.

Na nyumba zile hazikuwa za kimaskini. Aliweka mapazia mazuri, makochi, meza zenye vitambaa vyeupe. Wakubwa walimcheka, wakasema anaharibu pesa kwa watu wasiojua kukalia kochi. Yeye hakurudi nyuma. Kwake, mtu aliyekanyagwa miaka yote alistahili kitu kizuri. Hapa niko naye moja kwa moja. Nimeshona sare za msaada mara nyingi, na kitambaa kinacholetwa ni kile ambacho mletaji hamvishi mwanawe.

Nikomee hapa kwanza niwasikie. Mabaya yake pia nayajua na nitayasema.

Mtepe (Mkomani)

Wa aleikum salaam bintiye. Umeandika vizuri, na mimi mzee nimesoma mpaka mwisho kwa miwani miwili.

Nina mambo mawili. La kwanza, dini yetu inataka mkono wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia. Huyu mama mfuko wake uliitwa kwa jina lake, na kama sijakosea, picha yake ilikuwa kila mahali. Tuseme nini juu ya sadaka ya namna hiyo? La pili, pesa zilitoka wapi? Mwigizaji wa redio hana mali ya kujenga hospitali. Hebu sema kweli.

Gedi (Malindi)

Mimi nampinga mzee kidogo kwa heshima. Mgonjwa akipona, nani anajali jina lililoandikwa mlangoni? Hapa Malindi tukipata kliniki ya bure hata ikipakwa rangi za chama chochote mamangu ataingia.

Tena tusisahau wa kwetu. Mke wa rais aliyepita, Margaret Kenyatta, alizindua Beyond Zero Januari 2014 ili akina mama wasife wakijifungua. Alikimbia mbio ndefu kuchangisha, na kliniki za kwenye magari zikapelekwa katika kaunti zote 47. Kwa hiyo wapo wake wa viongozi waliofanya zaidi ya kugawa leso.

Cherehani (Langoni, Lamu)

Ami Mtepe, umeuliza vizuri, na Gedi asante kwa kumtaja mama huyo. Kliniki ile ya gari ililenga penyewe, maana kifo cha mzazi ndicho kipimo cha kweli cha umaskini.

Pesa za Evita zilitoka sehemu nyingi. Vyama vya wafanyakazi vilichanga, na mishahara ya siku fulani za mwaka ilikatwa ikaenda kwenye mfuko. Serikali ilitoa. Bahati nasibu na kasino zilitoa. Na wenye viwanda walitoa, wengine kwa hiari na wengine kwa kuogopa. Kiwanda kimoja cha peremende kilichogoma kutoa bure kilikaguliwa, kikaambiwa ni kichafu, kikafungwa. Hilo lilifanyika na sitalipamba.

Yako na mengine. Mwaka 1947 alitembelea Ulaya, na kituo cha kwanza kikawa Uhispania ya Franco, dikteta, ambaye alimvika nishani. Mwaka 1951 serikali ya mumewe ililinyang'anya gazeti la La Prensa kutoka kwa wenyewe kwa sababu lilikuwa likiwapinga. Wapinzani walifungwa. Na mfuko haukuwa na mtu wa kumkagua Eva: katiba yake ilimpa yeye peke yake uongozi, kwa maisha yake yote.

Hata hivyo nampenda. Nayasema hayo kwa sababu nampenda, na sitaki kesho aje kijana aniambie nilimficha.

Mtepe (Mkomani)

Pesa za kamari! Subhanallah. Na mfanyakazi akatwe mshahara, kisha arudishiwe kitanda aambiwe ni zawadi ya mama?

Hapo mimi sikubali. Kile kitanda kilikuwa chake tangu mwanzo.

Kisiwani (Pate)

Nimekuwa nikisoma tu. Acheni niseme kwa niaba ya tulio ng'ambo.

Nyinyi mnaozungumza mko Lamu mjini na Malindi. Mtu wa mjini akiumwa usiku anabebwa, anafika. Sisi huku mzazi akishikwa na uchungu saa nane za usiku, jambo la kwanza ni kumtafuta mwenye boti. La pili ni petroli, na petroli haiuzwi usiku, kwa hivyo tunakwenda nyumba kwa nyumba kila mtu anatoa lita yake kutoka kwenye injini yake. La tatu ni maji. Maji yakiwa yamekupwa, ule mfereji wa bahari wa Mkanda haupitiki, na kuzunguka nje wakati wa kusi ni kumweka mgonjwa katika bahari mbaya. Basi mnakaa ndani ya boti kwenye mikoko, mzazi amelazwa juu ya godoro, wanawake wawili wamemshikia leso kumkinga na umande, mnangoja bahari ijae. Nimewahi kuishika leso hiyo. Ilikuwa ya kampeni, na uso wa mtu ulioandikwa maneno ya maendeleo ulikuwa umelowa juu ya kichwa cha yule mzazi.

Sikasiriki kupewa leso, leso ile ilifaa. Lakini hakuna aliyetuuliza lile swali la Evita: unalala juu ya nini, unapita wapi? Angekuja mke wa yeyote yule akakaa nasi chini ya mwembe jioni moja bila wapiga picha, angesikia mambo mawili tu. Tunataka muuguzi anayelala kijijini, na boti yenye mafuta yake.

Gedi (Malindi)

Dada Kisiwani, umeninyamazisha.

Ila swali kwa mwenye uzi. Huyo mke wa gavana au wa mbunge ana mamlaka gani? Hana bajeti na hakuchaguliwa. Akija akisikia, atafanya nini zaidi ya kumnong'oneza mumewe?

Cherehani (Langoni, Lamu)

Kaka Gedi, umeligusa jambo ambalo ndilo lililonifanya niuandike uzi huu. Na Ami Mtepe amenisogeza karibu nalo kwa ile habari ya kitanda.

Evita naye hakuwa na cheo cha kuchaguliwa hata siku moja. Agosti 1951 umati mkubwa ulikusanyika kwenye barabara ya 9 de Julio kumtaka awe mgombea wa makamu wa rais, na siku chache baadaye akatangaza redioni kwamba hatakubali. Jeshi halikumtaka, na mwili wake ulikuwa tayari na saratani ya mlango wa kizazi. Tarehe 26 Julai 1952 akafa. Alikuwa na miaka 33. Foleni za kumuaga zilichukua siku nyingi, maua yakaisha madukani.

Sasa tazameni kilichofuata. Septemba 1955 wanajeshi wakampindua Perón. Mfuko ukavunjwa. Vitu vyenye alama yake viliharibiwa, nyumba zikafungwa au zikageuzwa matumizi. Mwaka 1956 ikatoka amri, nambari 4161, iliyokataza hata kutamka jina la Perón na la mkewe, na picha zao. Mwili wake wenyewe, uliokuwa umehifadhiwa kwa dawa, ukaibwa, ukafichwa, ukapelekwa Italia na kuzikwa Milan kwa jina la mtu mwingine. Mumewe alirudishiwa mwaka 1971, akiwa uhamishoni Madrid. Leo amezikwa Recoleta, makaburi ya wale wale matajiri.

Nikisoma hapo roho yangu huuma, kwa sababu yatima aliyekuwa amelala juu ya kile kitanda hakuwa amepindua wala kupinduliwa. Kitanda kilikuwa na jina la mtu, na siku mtu huyo alipochukiwa na wenye nguvu, mtoto akachukiwa pamoja na kitanda.

Lakini liko jambo moja ambalo wale wanajeshi hawakulifuta. Septemba 1947 Argentina ilipitisha sheria nambari 13.010, wanawake wapige kura. Wanawake wa huko walikuwa wameipigania tangu kabla Evita hajazaliwa, na kuna waliozeeka wakiidai, kwa hiyo si yeye aliyeibuni. Yeye aliisukuma redioni, bungeni, kwa mumewe, mpaka ikapita. Kisha akaunda chama cha wanawake, mwaka 1949, akatuma wanawake mikoani kufungua ofisi mtaa kwa mtaa. Tarehe 11 Novemba 1951 wanawake wakapiga kura ya urais kwa mara ya kwanza. Yeye alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji siku chache tu, sanduku likaletwa kitandani hospitalini. Wanawake 23 wakaingia baraza la wawakilishi na 6 wakaingia seneti.

Wanajeshi walikuja, wakachoma, wakakataza majina, na mwanamke wa Argentina akaendelea na kura yake. Kura haikuwa na picha ya Evita juu yake. Ilikuwa ya kila mmoja.

Haki za wazee nazo zina kisa. Agosti 1948 Evita alizitangaza: haki ya mzee kusaidiwa, kupata makazi, chakula, mavazi, matibabu. Mwaka 1949 zikaingia katika katiba mpya. Mwaka 1956 wanajeshi waliifuta katiba ile yote. Lakini madai ya wafanyakazi na wazee yalikuwa yameshazoeleka kuwa haki, na mwaka uliofuata, katiba ya zamani iliporekebishwa, ilibidi waweke kifungu cha haki za kazi na bima ya jamii. Kifungu hicho, 14 bis, kipo mpaka leo.

Kwa hiyo, kaka Gedi, mke wa kiongozi asiye na mamlaka anaweza kuwa na sikio na sauti. Asikie foleni nzima, kisha sauti aitumie kuidai sheria na fungu la bajeti, na kazi hiyo ibaki hata yeye akiondoka. Hilo ndilo ninalomdai mimi. Unga nitaupokea, sikatai, ila usinifunge mdomo.

Mtepe (Mkomani)

Sasa nimekuelewa bintiye, na unaongea lugha ninayoijua. Hilo ni wakfu.

Wazee wetu mtu alipotaka kheri yake ibaki, hakugawa embe mlangoni. Aliandika shamba lake kuwa wakfu, mazao yake ya msikiti au ya mayatima, akaweka msimamizi, na akifa msimamizi anafuatwa na mwingine. Haiuzwi, hairithiwi, mwanawe hawezi kuidai. Visima vingine tunavyonywa hapa Lamu hatumjui aliyevichimbisha, na thawabu zake zinaendelea. Kosa la yule mama wa Argentina ni kwamba mfuko wake ulikuwa na mali ya wakfu na msimamizi wa milele, yaani yeye.

Na kama ni kuwafungulia maskini mlango, tunaye Habib Swaleh. Alikuja kutoka Ngazija, akakaa Langoni kwenu, akawafundisha wale ambao wakubwa wa mji hawakutaka wakae darasa moja na wana wao. Alilaumiwa. Leo Riyadha, msikiti na chuo chake, imepita miaka mia moja na watu wanatoka Afrika Mashariki nzima kuja Maulidi. Hakuacha picha, aliacha darasa.

Na kwa wale wanaodhani wake wa viongozi ni habari ya kizungu: Mwana Kupona alikuwa mke wa Bwana Mataka wa Siyu, aliyewasumbua Masultani wa Zanzibar. Mume anajulikana na wanahistoria. Mke, kwa utenzi wake, anajulikana na kila msichana wa mwambao.

Ukili (Matondoni)

Salaam. Mimi ni msusi wa mikeka, maneno yangu machache.

Mamangu anapata zile pesa za wazee, Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Zinachelewa, wakati mwingine zinakuja za miezi kadhaa pamoja, na hapo katikati tunakopa. Lakini jamani, zikifika haziji na msafara. Hakuna anayemwambia piga makofi. Anazitoa, ananunua dawa ya presha, samaki na mafuta ya taa, anakaa zake barazani. Akiulizwa umepewa na nani, anasema ni pesa zangu. Kwa umri wake wote sijawahi kumsikia akisema hivyo juu ya pesa za serikali.

Basi nilikuwa nataka kusema hivyo tu.

Gedi (Malindi)

Ukili, hilo la mamako lingeandikwa ukutani kwa kila anayegombea.

Bado nina shaka moja. Sheria inachukua miaka. Mwenye njaa leo ana njaa leo. Evita akimpa mtu godoro usiku ule, mtu akalala. Tusije tukamfukuza anayetoa kwa sababu hakuleta sheria.

Cherehani (Langoni, Lamu)

Kweli kabisa, na ndiyo maana sitaki tuwafukuze. Evita alifanya yote mawili kwa wakati mmoja, godoro usiku na sheria mchana. Ninachokataa ni godoro peke yake, miaka nenda miaka rudi, kwa watu wale wale.

Nitatoa mfano wa kazi yangu. Mfuko wa Evita uligawa vyerehani kwa wanawake wengi. Na hapa kwetu, msimu mmoja wa kampeni, msichana ninayemfahamu alipewa cherehani ya kukanyaga, ina kibandiko cha uso wa mgombea juu ya meza. Alifurahi, akalia. Baada ya muda kanyagio likavunjika, chuma kibovu kilichounganishwa vibaya. Alikwenda kutafuta pa kuuliza. Aliyempa hakuwa na ofisi, alikuwa na msafara, na msafara ulishapita. Cherehani ikawa meza ya kuwekea redio. Nilimtengenezea mimi na fundi wa baiskeli, kwa waya na bati, na leo anashona mashungi na kanzu za watoto. Lakini wangapi hawana jirani fundi?

Ile ofisi ya Evita, na dosari zake zote, ilikuwa na mlango. Ukikosa leo unarudi kesho, karani anaona jina lako daftarini. Maskini anahitaji mahali pa kurudi na lalamiko lake, na mahali hapo pasihame baada ya uchaguzi.

Sasa niwaambie ninalolifikiria. Serikali ya kaunti hupeleka makadirio ya bajeti yake kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na sheria inawalazimu kutusikiliza kabla ya kuipitisha. Vikao vya maoni ya wananchi huitishwa na mara nyingi hujaa viti vitupu, au wanakuja wale wale watatu. Tena sheria ya serikali za kaunti ya mwaka 2012 inampa mwananchi yeyote haki ya kuandika ombi rasmi kwa kaunti, na katiba kifungu cha 43 inataja afya kuwa haki ya kila mtu. Shida ya dada Kisiwani haihitaji mfuko wala jina la mtu. Inahitaji mstari mmoja ndani ya bajeti: boti ya wagonjwa, mafuta yake, nahodha wa zamu ya usiku, na muuguzi anayelala kijijini.

Na yule mama aliyepigwa picha na unga, ambaye tulianza kumbishania, nataka aalikwe. Simaanishi aje kugawa. Aketi kwenye mkeka na akina mama wa ng'ambo awasikie mmoja mmoja, halafu aje nasi kwenye kikao cha bajeti aseme aliyoyasikia. Akikubali, nitakuwa wa kwanza kumsifu hapa kwa herufi kubwa.

Kisiwani (Pate)

Dada, huko kikaoni huwa tunafika tumechelewa kwa sababu ya maji. Wanaanza saa tatu, sisi tunafika saa sita, wanasema maoni yamefungwa.

Mtepe (Mkomani)

Basi waje jana yake. Nyumba yangu ina ukumbi na daka, wanawake watalala ndani, wanaume msikitini. Chakula kitakuwapo. Ombi liandikwe kwa Kiswahili safi, nitalisoma kabla halijapelekwa, na atakayelipokea atie mhuri kwenye nakala yetu.

Ukili (Matondoni)

Matondoni tuko kumi na zaidi, tutakuja na jahazi. Mamangu anasema naye anakuja.

Cherehani (Langoni, Lamu)

Allah awalipe. Dada Kisiwani, zunguka vijiji vyenu, uniandikie vile ambavyo usiku havina muuguzi, na kila kijiji mzazi anapitishwa wapi maji yakikupwa. Uandike na boti ilikodiwa kwa shilingi ngapi mara ya mwisho, na nani alilipa. Majina ya wagonjwa usiyaweke hapa barazani, niletee dukani mkononi.

Gedi, wewe una ndugu wanaofanya kazi za uhasibu. Tunataka tujue boti kama hiyo inakula mafuta kiasi gani kwa mwaka. Wakituuliza gharama, tuwe na jibu.